Mkunga Niliyemtaka Awe Wangu

Mume wangu sijapata kumwonea wivu. Anachomelea vyuma kwenye meli kule Bluff, bandarini, anarudi nyumbani ananuka moshi, na kama kuna mwanamke anayemtamani katika hali ile, namtakia heri. Wivu wangu wote wa ujana niliumalizia kwa mwanamke, mtu mzima wa kunizaa, mwenye pengo la juu na miguu inayovimba, aliyekuwa akisuka nywele katika saluni moja ya Wakongo mjini Durban. Nilimtaka awe wangu peke yangu.

Sisi Watanzania tulimwita Mkunga. Wakongo wenzake walimwita Maman, basi, kana kwamba mama zao wengine hawakuhesabika. Kwao Bukavu alizalisha hospitalini miaka mingi, na vyeti vyake alivibeba mpaka huku ndani ya mfuko wa nailoni. Durban havikumfaa kitu. Hakuruhusiwa kushika hata mkasi wa kitovu, naye hakujaribu kuushika.

"Miye hapa sishikake mutoto," alizoea kusema. "Mutoto iko na sista. Mama iko na nani?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nimng'ang'anie. Mwanangu wa kwanza, Rajabu, nilimzaa mwaka 2009, miezi michache tu baada ya kufika kutoka Tanga. Nilijifungua nyuma ya pazia, wauguzi wamezidiwa na kazi, wanasemezana Kizulu, na Kiingereza changu nilichojivunia shuleni kimenikimbia chote. Mtoto alitoka nimeshika chuma cha kitanda. Hakuna aliyenipiga wala kunitukana, sina wa kumshitaki. Ila kwa saa nyingi hakuna aliyenitazama usoni. Niliporudi kwenye chumba chetu cha kupanga Glenwood, nilimwambia mume wangu sizai tena kama sina mtu wa kunishika. Ndugu zangu wote wako Tanga. Kwa hiyo mwaka 2011, nilipopata mimba ya pili na kusikia kwamba yupo Mkunga, nilikwenda saluni siku hiyohiyo, hata kabla sijamwambia mwenye mimba.

Mikono yake ilikuwa mikubwa na ya moto, hata mwezi wa saba Durban inapokuwa na kibaridi chake. Akikuwekea kiganja kwenye mfupa wa mgongo, pale chini kabisa, unasikia maumivu yanakaa kitako. Siku za kliniki alikaa nami kwenye benchi tangu asubuhi, chupa ya uji katikati yetu, akisinzia palepale alipoketi. Jina langu likiitwa, hata litamkwe vibaya namna gani, yeye aliamka kabla yangu. Wanawake wengine walilalamika kwamba foleni haisogei. Mimi nilikuwa naomba isisogee, maana kwa muda ule wote alikuwa wangu.

Mimba ikifika miezi minane, alikuita saluni akakusuka mistari minne minene inayolala kurudi kisogoni, bila fundo la kukuumiza ukilaza kichwa. Aliziita nywele za leba. Kwa hiyo mtu aliyejua aliweza kusoma vichwa mjini: mwenye tumbo kubwa na mistari minne, huyo yuko mikononi mwa Mkunga. Nilikuwa bingwa wa kusoma vichwa. Nilivisoma sokoni, kwenye teksi, hizi daladala za huku, nje ya msikiti, mpaka mume wangu akaniuliza kama nimeanza kutafuta chawa wa watu.

Alikuwa pia na elimu ya hospitali ambayo haimo katika vyeti. "Ukiingia mule usianze na daktari," alitufundisha. "Anza na mwenye kusafisha. Sawubona, Mama. Umuulize habari ya batoto yake." Na ilikuwa kweli. Wasafishaji ndio waliojua maji ya moto yako wapi na sista yupi ana roho nzuri. Wote walimjua, walimwita Gogo, yaani bibi, na walimpitisha.

Maana kuingia kulikuwa na kanuni zake. Pale hospitalini wodi ya wazazi ilipokea mtu mmoja kwa kila mzazi, naye awe ndugu. Mkunga aliandikwa mama. Mama wa huyu, mama wa yule, mama wa Mkongo, mama wa Mtanzania. Sista mmoja mcheshi alimwuliza, "Hawu, Gogo, una mabinti wangapi?" Akajibu kwa Kiingereza chake cha kuokoteza kwamba ni wengi na wote wanamsumbua. Tuliposimuliwa saluni tulicheka mpaka machozi. Sikujua kicheko kile kitanitokea puani.

Msidhani alikuwa malaika. Ndani ya teksi aligombana na kila dereva aliyefunga breki kwa ghafla. "Weye! Umebeba bamama ao umebeba viazi?" Wanaume waliochelewa kuwafuata wake zao kliniki aliwachapa mabegani kwa kitana. Na mwanamke akisema "siwezi" mbele yake, ndipo utamwona alivyokunja uso. "Siwezi ni neno ya mutu mwenye hajaanza," alisema. "Weye umeshaanza. Sema kitu ingine."

Alitukataza pilipili katika mimba, tukazikataa kama mbwa na moto, huku yeye ana kichupa chake cha pilipili ndani ya pochi na anakitoa mbele yetu bila haya. Damu ya uzazi haikumtisha, lakini kuku hakuweza kumwona akichinjwa. Ijumaa moja nilitaka kumkirimu, nikanunua kuku hai, na mume wangu alipochukua kisu tu, Mkunga alitoka nje akasimama barabarani, vidole masikioni, mpaka nilipomfuata kumwambia yamekwisha. Akarudi akala mapaja yote mawili. Kama alikuwa na watoto wake mwenyewe, hakusema, nasi hatukuthubutu kuuliza.

Hakupenda kushukuriwa. Mtoto akishanyonya, alichukua pochi yake akaondoka, na sherehe za jina hakuja. Alikwenda kununua bani ya maharage, ule mkate wa Wahindi wa huku unaochimbwa katikati na kujazwa mchuzi, akaila peke yake kwenye benchi, polepole, mpaka ukuta wa mwisho wa mkate. Wakati huo haongei na mtu. Niliambiwa hivyo, nikadhani mimi si mtu. Siku moja nilimfuata pale benchini, mwanamke mwingine alikuwa amejifungua asubuhi ile, nikaketi karibu naye na tumbo langu, nikaanza habari zangu. Aliniacha nimalize. Kisha akasema, "Niache kidogo, Mama Rajabu. Bado niko na ule."

Bado yuko na yule! Mwanamke ameshazaa, ameshalala, ana mtoto wake kifuani, na bado ameshika nafasi. Nilirudi nyumbani na ghadhabu kama niliyefumania.

Hapo ndipo alipokuja Furaha.

Furaha alikuwa binti wa Uvira, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, mumewe kinyozi. Mama mkwe wake alikuwa hukuhuku mjini, jambo ambalo nililiweka moyoni tangu siku ya kwanza: huyu ana mtu. Tulikutana kwenye taa za barabarani, mimi nasubiri kuvuka na yeye anasubiri kuvuka, na kabla sijaliona tumbo lake nilikiona kichwa. Mistari minne, mibichi, bado inang'aa mafuta. Mimi yangu ilikuwa na siku mbili.

"Dada!" akaniambia, akinishika mkono. "Na weye? Maman alisema tutazala pamoja!"

Alicheka kana kwamba tumealikwa harusi moja. Nikacheka naye, kicheko cha meno. Kesho yake nilikuwa saluni kabla hawajafungua.

"Mama, tukianza siku moja, mimi na yule mtoto?"

"Uchungu haina foleni," alisema, akitafuta ufunguo. "Mwenye ataanza, nitaanza naye."

"Na mimi?"

"Nitakuja."

"Utakuja saa ngapi, kama uko naye?"

"Eish, Mama Rajabu," akasema, na hiyo eish ya wenyeji alikuwa ameshajifunza vizuri. "Uko na mutoto mu tumbo ao uko na polisi?"

Nilimweleza mume wangu jioni, akacheka. "Mkunga si mume wako," alisema. Nikamjibu kwamba mume ninaye na siku ya kuzaa hanisaidii kitu. Kuanzia hapo nilimwombea Furaha ajifungue mapema, na nilipoona siku zinapita nikamwombea achelewe, mradi asiguse juma langu. Aliniletea parachichi kupitia kwa Mkunga, kubwa, laini, limefungwa kwenye gazeti. Nililigawa kwa wanafunzi wa chumba cha pili. Mtoto wa watu hakuwa amenikosea kitu.

Uchungu ulinianza Jumanne, jua linachomoza. Nikapiga simu, akapokea palepale.

"Niko mu hopitali na Furaha," alisema. "Alianza mapema. Kuja sasa hivi. Nitakuona hapa."

Walinilaza kitanda cha jirani na Furaha, pazia katikati. Kwenye faili langu Mkunga akaandikwa mama, kama alivyokwisha kuandikwa kwenye faili la Furaha. Kwa muda wa saa nzima alikuwa akija na kurudi, hatua mbili huku, hatua mbili kule. Akiwa kwangu, kiganja kile cha moto kilikuwa mgongoni, na nilijua kwamba nitaweza. Pazia likifungwa, nilianza kumsikiliza. Nilimsikia anamwimbia Furaha wimbo uleule wa chini kwa chini alioniimbia mimi kwenye benchi la kliniki. Wimbo wangu. Nilipanga kumwambia baadaye kwamba hilo halikuwa jambo la haki.

Zamu ikabadilika. Akaja sista mpya, mrefu, hana mzaha, ana faili zetu mbili mkononi.

"Gogo," alisema. "Hapa umeandikwa mama, na hapa umeandikwa mama. Binti yako ni yupi?"

Mkunga alikuwa amesimama kati ya vitanda. Aligeuza uso upande wa Furaha, akatazama huko kwa muda mrefu, mrefu mno, huku sista akisubiri. Nikasema moyoni, basi, amekwishachagua. Uchungu mwingine ukanipanda, na kile Kiingereza kilichonikimbia miaka miwili nyuma kikarudi chote kwa mkupuo mmoja.

"Yule si binti yake!" nilimwambia sista. "Yule ana mkunga tu, hana mama hapa. Huyu ni mama yangu mimi."

"Mkunga?" sista akauliza.

Hapo ndipo nilipojua nimesema nini. Sista alimwuliza Mkunga amesajiliwa wapi. Akaomba karatasi yake ya ukimbizi, akaisoma: Kongo. Akasoma faili langu: Tanzania. Akasema kwa upole kabisa kwamba basi huyu si mama wa yeyote humu ndani, ni mkunga wa mtaani anayeingia wodini kwa uongo, na hilo halitatokea katika zamu yake. Alikuwa na haki. Mlinzi akaja. Mkunga alichukua pochi yake. Alipopita miguuni pangu alisema, "Pumua, Mama Rajabu. Courage," kisha akatoka, mlinzi amemshika kiwiko.

Dakika kumi hazikupita, mama mkwe wa Furaha akaingia. Nilimsikia akivua viatu, akisali, akimwambia binti yule, "Niko hapa, niko hapa." Sikuhitaji kuelezwa. Mkunga alipotolewa nje, jambo la kwanza alilofanya ni kumtafutia Furaha mtu wa kukaa naye. Mimi hakunitafutia yeyote. Nilimzaa binti yangu Mwanahawa adhuhuri, nimeshika chuma cha kitanda. Wauguzi safari hii walikuwa wema, nisiwadhulumu, mmoja alinipangusa uso. Lakini nyuma ya pazia kuna mtu anaambiwa "niko hapa", na mimi nasikia kila neno.

Baada ya siku ile Mkunga alikatazwa kukanyaga hospitali ile. Wanawake waliumia, walilalamika, hawakujua ni nani aliyesema. Furaha hakujua Kiingereza. Sikumwomba Mkunga radhi. Aibu nilikuwa nayo, lakini juu ya aibu ile nilikuwa nimeketisha hasira: mwenzangu alipelekewa mtu. Nikiona saluni naishika barabara ya pili. Siku moja, kutoka ng'ambo, niliona kupitia kioo amewapanga wanaume watatu, kinyozi mume wa Furaha akiwa mbele, anawafundisha kukandamiza mgongo kwa kiganja, kila mmoja anamkanda mwenzake, wamenuna kama wanafunzi wa madrasa. Nilicheka peke yangu pale barabarani. Halafu nikawaonea wivu hata hao.

Miaka minne ilikwenda hivyo. Mwezi wa nne mwaka 2015, wageni tulipofukuzwa majumbani, tulijikuta mahemani, kwenye uwanja mmoja kule Chatsworth. Nilikuwa na mimba ya tatu. Asubuhi ya pili nimesimama kwenye foleni ya mkate, nikasikia nyuma ya sikio langu:

"Mama Rajabu. Iko miezi saba."

Hakuuliza, alisema. Alikuwa amekonda na anatembelea fimbo. Aliweka kiganja tumboni pangu bila ruhusa, kikiwa cha moto kama zamani, na mtoto akageuka.

Nilikuwa nimejiandaa miaka minne kuomba radhi, kwa maneno mazuri. Yaliyotoka ni haya: "Mama, siku ile ni mimi niliyesema. Lakini na wewe, Furaha ulimletea mama mkwe wake. Mimi uliniacha."

Alinitazama kama mtu anayetafuta kitu alichokiweka mahali.

"Nilikuacha miye?" akasema. "Ule mama mukwe nilimwita asubuhi, wakati ulinipigia simu. Nilimwambia: kuja mbio, kaa na Furaha, miye niende kwa Mama Rajabu, sababu ule hana mutu. Ni teksi ndiyo ilimuchelewesha. Sista aliuliza, miye nikaangalia mlango, mlango ulikuwa upande ya Furaha. Nilikuwa nangoja aingie, niseme."

"Useme nini?"

"Binti yangu ni huyu." Na kidole chake kilikuwa kifuani pangu.

Watu wa foleni walisogea, mimi sikusogea. Dakika kumi. Ningefunga mdomo wangu dakika kumi tu, mikono ile ingekuwa mgongoni pangu mpaka mwisho, bila pazia, bila kugawana na mtu. Alikuwa ameshanichagua. Nilimfukuza mimi, kwa Kiingereza fasaha, asije akachukuliwa na mwingine. Nililia pale mbele za watu, na watu wa mahemani hawashangai mtu akilia.

"Kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Kila mara ukiniona, ulikuwa unavuka barabara," alisema. "Na miguu yangu hii." Akanisukuma taratibu kwa fimbo. "Songa, mkate utaisha."

Nikasonga. Nikajipangusa kwa mtandio. Kisha nikamwuliza, maana nisipouliza sasa nitauliza lini, kama safari hii atakuja.

"Hopitali ya huku hawanijue bado," alisema. "Nitakuja. Lakini ujue, iko mwingine. Mwezi uleule wa sita."

Nilitaka kusema, sawa Mama, nenda kwa atakayeanza. Namwapia Mungu maneno hayo nilikuwa nayo mdomoni, na niliyaamini. Nikasikia sauti yangu inauliza, "Ni nani huyo?"

Mkunga akanyoosha kidevu mbele yangu. Mwanamke aliyenitangulia kwenye foleni aligeuka, kijana, mchovu, akanitabasamia. Nikamtabasamia na mimi. Halafu nikaliangalia tumbo lake, kisha langu, kuona lililoshuka zaidi ni la nani.